Koili Inaungua, Tanki Linavuja: Tafuta Chanzo Kabla ya Kubomoa

Tanki la vepu, yaani sigara ya kielektroniki, lile unalofunga mwenyewe koili ya waya na pamba ndani yake, likianza kusumbua, wengi wanakimbilia kung'oa pamba na kuanza upya. Mara nyingine inasaidia kwa bahati tu, na kesho ugonjwa ni uleule. Afadhali kwanza ulitazame likiwa bado zima, maana tanki lenye kioo linajieleza lenyewe kwa anayejua pa kuangalia.

Juisi, kile kimiminika cha kuvuta, imefungiwa juu, ndani ya kioo. Inashuka kwenye mifereji ya kitako, sehemu ya chini inapofungwa koili, inakutana na mikia ya pamba, pamba inainyonya mpaka katikati ya koili, waya unaipasha inakuwa mvuke. Juisi ikitoka kwenye kioo, juu yake panabaki ombwe, na ombwe hilo ndilo linaloizuia isimwagike yote kwa mpigo. Ili juisi iendelee kushuka, hewa lazima ipenye pembeni mwa pamba na kupanda kama kiputo. Kwa hiyo mkia wa pamba una kazi mbili zinazogombana: upitishe juisi, na uzibe mlango. Ukiwa mzito unafanya ya pili tu. Ukiwa mwepesi unafanya ya kwanza tu. Matatizo mengi yaliyo hapa chini yanaanzia hapo, kwenye milimita chache za pamba mdomoni mwa mfereji.

Basi vuta mara mbili, kisha inua tanki kwenye mwanga. Kiputo kimoja au viwili vikubwa vinapanda kivivu? Ulishaji ni mzuri, tatizo litafute kwingine. Hakuna kiputo hata baada ya kuvuta mara nne? Pamba inashinda na njaa. Vinapanda viputo vidogovidogo mfululizo wakati hata huvuti? Ombwe limeshapasuka, tafuta tishu, juisi iko njiani kutokea matundu ya hewa.

LADHA YA KUUNGUA

Kwanza tofautisha. Kuna ladha ya pamba iliyoungua, kali kama nguo iliyopigwa pasi ikasahauliwa, inayokwaruza koo na kubaki mdomoni. Na kuna ladha ya sukari iliyoungua, nzito, inayokuja taratibu kwa siku kadhaa. Hiyo ya pili ni uchafu kwenye koili, tutaifikia. Ya kwanza inakuja ghafla na sababu yake ni moja: sehemu ya pamba ilikauka huku waya ukiwa wa moto. Pamba ikishaungua haitibiki, utaitupa tu. Lakini usiitupe kabla hujajua ilikaukia wapi.

Fungua, toa kengele inayofunika koili, utazame pamba kwa tochi ya simu. Doa la kahawia likiwa katikati ya koili huku mikia imelowa chepechepe, pamba ndani ya koili imebanwa mno. Mikia ikiwa mikavu au imekauka upande mmoja, kosa liko kwenye mifereji. Na kama pamba yote imelowa vizuri lakini doa lipo, ulitumia wati nyingi kuliko koili ile inavyoweza, au ulivuta mfululizo bila kuipa pamba nafasi ya kunywa.

Kipimo cha pamba ndani ya koili kinajulikana kwa mkono. Sokota ncha iwe kama sindano, ipitishe, kisha vuta polepole. Inatakiwa ikwaruze kidogo, koili itikisike lakini isipinde. Ikipinda, punguza nyuzi. Ikiteleza bila kugusa pande, ongeza, kwa sababu waya usiogusa pamba unakauka hata kama pamba imelowa. Ukitumia vipande vya pamba bapa, bandua ngozi ya juu na ya chini, chukua ile laini ya katikati tu. Ngozi ile imeshindiliwa na inapitisha juisi kwa shida.

Mikia ndiyo inayowashinda wengi. Ikate mahali inapogusa ukingo wa nje wa kitako, isizidi. Kisha ichane kwa sindano au ncha ya kibano mpaka nyuzi zilegee, ng'oa zile zinazotoka zenyewe. Karibu theluthi moja itaondoka na hiyo ni sawa. Ilaze kwenye mifereji kwa bisibisi bapa ndogo bila kusindilia. Mkia uguse tu mdomo wa mfereji na kuufunika wote, kama mfuniko wa sufuria. Ukichungulia usione tundu, na ukigusa kwa sindano ubonyee kwa urahisi. Wanaosindilia mpaka chini wanafikiri wanazuia kuvuja. Wanachozuia ni juisi.

Kabla ya kufunga, dondoshea juisi kwenye koili na mikia yote miwili mpaka pamba ing'ae, halafu bonyeza kitufe kifupi mara tatu nne kwa wati ndogo, na uongeze juisi. Ukishajaza tanki, subiri dakika tano hadi kumi. Koili nyingi mpya huungua ndani ya mivuto mitano ya kwanza kwa sababu ya haraka tu.

Ikiwa pamba iko sawa na bado inaungua, angalia mambo mawili. Matanki mengine yana pete ya kufungua na kufunga njia ya juisi, na ni rahisi kuisahau ikiwa imefungwa. La pili ni uzito wa juisi. Juisi ni mchanganyiko wa gliserini ya mimea, iliyo nzito, na propileni glikoli, iliyo nyepesi. Yenye gliserini asilimia 70 inapita vizuri kwenye tanki la mifereji mipana, lakini kwenye tanki dogo la kuvutia mdomoni kama sigara tumia ya nusu kwa nusu. Gliserini pia hubadilika sana kwa joto. Tanki lililowekwa pamba likakaa vizuri Mombasa mwezi Februari linaweza kukauka Njombe mwezi Julai, bila chochote kuharibika. Punguza mikia kidogo, au lipashe joto mfukoni kwanza.

Kuna na kizibo cha hewa. Kiputo kikubwa kinakwama mdomoni mwa mfereji, juisi haishuki japo tanki limejaa. Dalili yake ni kwamba ladha inakauka ghafla, ukilipiga tanki kidoleni au kulipindua inarudi. Fungua kidogo kifuniko cha juu ili mvutano uachie, funga, endelea. Likirudia kila siku, mikia imebana.

KUVUJA

Hapa kwanza uliza: linavuja lini? Jibu la swali hilo linakaribia kuwa ndilo jibu lenyewe.

Likivuja mara tu baada ya kujaza, hukufunga matundu ya hewa. Ukifungua kifuniko cha juu ombwe linakufa, na juisi inashuka bila breki. Zungusha pete ya hewa mpaka ifunge, jaza, acha nafasi ndogo ya hewa juu, funga kifuniko. Kisha, na hii ndiyo hatua inayorukwa, lipindue tanki kichwa chini kabla ya kufungua hewa. Kifuniko kikiwa kinazama kwenye nafasi yake kinasukuma hewa chini, na ukifungua hewa likiwa limesimama, msukumo huo unatoka na juisi. Likiwa limepinduliwa utasikia linapumua, basi. Ligeuze, kazi imekwisha.

Likivuja likiwa limelala mezani au mfukoni usiku kucha, mikia ni myepesi au haijafunika mifereji yote. Tazama pembe. Mara nyingi pamba imekaa katikati ya mfereji na kuacha upenyo mwembamba kila upande, upana wa unywele, na huo unatosha.

Likivuja kidogokidogo muda wote, hata likiwa na pamba nzuri, nenda kwenye oringi, zile pete za mpira za kuziba. Ipo moja chini ya kioo, moja juu yake, moja ya kifuniko, na kwenye baadhi ya matanki moja ndogo inayozunguka kengele. Iliyopasuka, iliyojikunja au kukatika inaonekana. Iliyochoka inakuwa bapa upande mmoja na ngumu kwenye kucha. Ipake juisi kidogo kabla ya kuirudisha, ikikaa kavu inajikunja unapokaza. Kioo chenye ufa mwembamba ukingoni kinaleta ugonjwa huohuo, na ufa huo hauuoni mpaka ukaushe kioo na kukizungusha kwenye taa.

Likivuja ndani ya ndege au ukipanda kutoka pwani kwenda nyanda za juu, hakuna kosa la kufunga. Hewa iliyobaki juu ya juisi ilifungwa kwenye mgandamizo mkubwa zaidi, sasa inatanuka na kusukuma. Safiri na tanki tupu. Betri za akiba ziende nawe ndani ya ndege, kila moja kwenye kasha lake, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Na kama safari ni ya Uganda, viache vyote nyumbani, sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2015 imepiga marufuku vifaa hivi kuingizwa na kuuzwa.

LINAKOROMA NA KURUSHA MATONE

Mkoromo ni juisi iliyokusanyika chini ya koili, hewa inapita katikati yake. Ni binamu wa kuvuja, na mara nyingi siku moja kabla yake. Tiba ya papo hapo: funika mdomo wa tanki kwa tishu, lipindue, likung'ute mara mbili kwa nguvu kama unavyokung'uta kipimajoto cha zamani. Halafu bonyeza kitufe sekunde mbili bila kuvuta ili kilichobaki kikauke.

Likikoroma tena baada ya saa moja, mojawapo kati ya haya: wati ni ndogo kwa koili nene, kwa hiyo inanyonya kuliko inavyochoma, unavuta kwa nguvu sana kwenye tanki lililobanwa hewa, ukiinyonya juisi badala ya mvuke, au pamba iliyo chini ya koili, kati yake na tundu la hewa, inagusa sakafu na kudondosha. Hiyo ya mwisho inahitaji macho. Inua kitako usawa wa jicho, uone kama kuna mwanga kati ya pamba na tundu.

Matone ya moto yanayoruka mpaka ulimini yanatokana na juisi kuchemka ghafla mahali pamoja. Mguu wa koili uliobaki mrefu kati ya nguzo, kile chuma chenye skrubu kinachoshika waya, na mzunguko wa kwanza, bila pamba ya kuupoza, ndio mkosaji wa kawaida. Sogeza koili karibu na nguzo. Ukishindwa, mdomo wa tanki wenye wavu ndani unasaidia, ingawa huo ni kufunika tu.

NAMBA YA OMU HAITULII

Hapa huhitaji kugusa pamba. Ukinzani wa koili, yaani inavyozuia umeme, hupimwa kwa omu, na koili ikiwa imepoa ni namba ya kudumu kwa waya fulani, urefu fulani. Waya wa Kanthal A1 wa geji 26, wenye unene wa milimita 0.4, ukizungushwa mara 6 kwenye fimbo ya milimita 3, unatoa kama omu 0.85. Nikromu 80 ya kipimo hicho hicho inakaribia 0.65, na chuma cha pua 316L kama 0.45. Koili mbili kwenye kitako kimoja, gawa kwa mbili. Ijue namba yako kabla ya kuwasha, maana bila hiyo huwezi kujua kama boksi, yaani mwili wenye betri na kitufe unaoshika tanki na kuonyesha omu, linasema kweli.

Namba ikipanda na kushuka kila unapobonyeza, skrubu imelegea. Waya wa nikromu na wa chuma cha pua ni laini, ukishapashwa na kupoa unalegea kidogo. Kaza tena baada ya kuuwasha mara ya kwanza. Kaza mpaka ikatae, usiende zaidi, kwa sababu skrubu ndogo hizi zinakata waya na vichwa vyake vinalika upesi. Safisha pia pini ya katikati chini ya tanki na tundu lake kwenye boksi kwa kijiti cha pamba chenye spiriti. Juisi iliyokauka pale inapandisha namba kwa omu 0.1 au zaidi.

Boksi likiandika kuna shoti, au namba ikiwa chini sana ya matarajio, waya unagusa chuma mahali. Kuna sehemu tatu tu. Ncha ya mguu uliokatwa inajitokeza nje ya nguzo na kugusa kengele. Ikate iwe sawa na nguzo kabisa. Koili imekaa juu mno na inagusa paa la kengele. Au imekaa chini mno, imelala kwenye kitako. Nafasi nzuri kwa matanki mengi yanayoingiza hewa chini ni kama milimita 2 juu ya tundu. Dalili inayojulikana: kitako kikiwa wazi namba ni nzuri, ukifunga kengele linakufa. Hapo huna haja ya kukisia.

Boksi likisema hakuna tanki, mguu mmoja umekatika chini ya skrubu au pini imezama. Usiivute pini kwa koleo huku betri ikiwa ndani.

KOILI INANG'AA VIBAYA

Fanya hivi bila pamba, bila juisi, kwa wati 15 hivi. Bonyeza sekunde moja, achia, tazama. Koili nzuri inaanza kuwa nyekundu katikati kisha inaenea pande zote mbili sawasawa. Ikianza kung'aa pembeni, au mzunguko mmoja ukiwaka peke yake huku mingine mieusi, kuna sehemu za waya zinazogusana vibaya. Ikwaruze taratibu juu na chini kwa kibano cha kauri ikiwa imepoa, bonyeza tena, kisha ibane kidogo ikiwa bado ina joto baada ya kuachia kitufe. Rudia mara tano, sita. Kibano lazima kiwe cha kauri. Cha chuma, kidole chako kikiteleza kwenye kitufe, ni shoti mkononi.

Kwa koili mbili, moja ikichelewa kuwaka, miguu yake ni mirefu zaidi au skrubu yake haijakaza. Tofauti ya nusu mzunguko inatosha.

Usiwashe namna hii waya wa nikeli tupu Ni200 wala titani. Hizo ni za hali ya kudhibiti joto tu, ambapo boksi lenyewe hupunguza umeme koili ikifikia joto ulilochagua. Na boksi likiwa kwenye hali ya kudhibiti joto huku waya ni Kanthal, litakata umeme ovyo au kukataa kabisa. Lirudishe kwenye wati. Kwa chuma cha pua, pima ukinzani koili ikiwa imepoa kabisa. Ukiifunga namba ikiwa ya moto, boksi litafikiri huo ndio ubaridi na kuchoma pamba kwa utulivu mkubwa.

LADHA IMEFIFIA

Pamba mpya inaweza kuwa na ladha ya pamba kwa mivuto kumi hivi. Ikizidi hapo, ni pamba yenyewe. Ile ya duka la dawa inafaa, ila ichemshe kwanza kwenye maji safi na kuikausha. Vipande vya kuondolea vipodozi vilivyotiwa manukato, au vyenye nyuzi za plastiki, viache mbali: plastiki inayeyuka kwenye waya.

Ladha iliyokuwa nzuri ikafifia polepole ni koili kuvaa ganda jeusi. Juisi tamu sana, hasa yenye sukralosi, kile kitamu bandia, inaweza kuivalisha ndani ya siku mbili tatu. Toa pamba, washa koili kwa mapigo mafupi mpaka ganda liwe majivu, iache ipoe, isugue kwa mswaki mkavu, isuuze na kuikausha, weka pamba mpya. Koili moja inavumilia usafi huu mara nyingi, mpaka waya uanze kukwaruzika na kupoteza umbo.

Ikiwa koo linachoma tangu mvuto wa kwanza, unakohoa, kichwa kinazunguka, lakini pamba ni nyeupe na imelowa, usitafute kosa kwenye koili. Soma chupa. Juisi ya nikotini miligramu 20 kwa mililita ni ya vifaa vidogo. Kwenye tanki la wati 50 linalotoa wingu, wengi hawazidi 3 hadi 6. Ikimwagikia ngozi, osha mara moja, na chupa ikae mbali na watoto.

BETRI

Koili yenye omu ndogo inadai umeme mwingi. Kwenye boksi lisilo na saketi ya ulinzi, betri iliyojaa ina volti 4.2, gawa kwa omu 0.2, unapata ampea 21. Kwa 0.1 ni 42, na hakuna seli ya kawaida ya 18650, betri ya silinda inayotumika kwenye maboksi mengi, ya kuhimili hizo. Boksi lenye saketi halikuepushi na hesabu hiyo pia: wati 60 kutoka seli moja iliyoshuka hadi volti 3.2 ni karibu ampea 19, kabla ya kinachopotea kwenye saketi. Seli iliyotolewa kwenye betri ya laptopu haikutengenezewa kazi hii. Iliyoandikwa 9900 mAh, kipimo cha umeme inaohifadhi, ni uongo mtupu. Nzuri za 18650 kwa kawaida ziko kati ya 2500 na 3600. Ngozi ya plastiki ikichanika, hata kwa tundu dogo karibu na ncha chanya, usiitumie mpaka ivishwe nyingine. Boksi likipata joto mkononi bila kubonyezwa, toa seli, iweke nje juu ya sakafu ya saruji, uiache hapo.